Ufa Ulio Nyuma ya Kabati

 

Wiki hii watu watatu wa kanisa letu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake. "Pasta, nataka kuuza nyumba. Niirekebishe kwanza ama niiuze hivyo ilivyo?" Mmoja amestaafu na anarudi nyumbani mashambani. Mwingine ana deni la benki. Wa tatu anagawana mali ya marehemu baba yake na ndugu zake. Wanajua kwamba mimi na mke wangu tuliuza nyumba yetu ya Kitengela mwaka wa 2023, na nadhani wanafikiri nina siri fulani ya biashara. Siri sina. Nina hadithi, na sehemu yake moja sijawahi kuisimulia madhabahuni. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujaniandikia.

Nyumba hiyo tulianza kuijenga mwaka wa 2010 kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Vyumba vitatu vya kulala, mabati ya rangi ya kijani, na geti jeusi ambalo nitalitaja tena hapa chini. Anayeijua Kitengela anaujua ule udongo wake mweusi, ule mafundi wanauita blaki kotoni. Mvua ikinyesha unavimba na kushika viatu mpaka unatembea kama umebeba matofali. Jua likiwaka unakauka, unasinyaa, na ardhi inapasuka mipasuko ambayo mtoto anaweza kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo bila kuuondoa hupanda na kushuka pamoja nao kila mwaka.

Fundi wetu aliniambia hayo yote siku ya kuchimba msingi. Alisema, "Pasta, hapa tuchimbe mpaka tukute maramu. Inaweza kuwa futi sita." Tulikuwa tumefika futi tatu. Nikamuuliza gharama, akanitajia, nikapiga hesabu kwenye simu yangu ya mulika mwizi. Nikamwambia tusimamie hapo, Mungu atashikilia. Akanitazama, akashusha jembe. Pesa tulizookoa siku hiyo ndizo zilizonunua lile geti. Mpaka leo geti halina shida yoyote.

Ufa ulionekana mwaka wa 2013 katika chumba cha watoto, kuanzia kona ya dirisha ukishuka kwa mshazari mpaka sakafuni. Wakati wa mvua ulijifunga ukabaki kama unywele. Wakati wa kiangazi ulifunguka. Nilifanya nini? Kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi, nilinunua filla na kopo la rangi nikauziba. Kufika Machi ulikuwa umerudi. Baadaye nikachoka, nikasukuma kabati mbele yake. Ule ukame wa mwaka wa 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu na ng'ombe wakafa Kajiado nzima, ufa ulipanuka mpaka nikaweza kuingiza ncha ya kidole changu. Kabati likabaki palepale.

Mwezi wa Juni 2023 mama yangu alipatwa na kiharusi huko kwetu Mwala. Mkono na mguu wa kulia vikakataa. Siku za hospitali ziliisha, lakini safari ya mazoezi ya viungo ndiyo ilikuwa inaanza, na mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Mimi na mke wangu tuliomba, tukakaa chini, tukaamua kuuza nyumba, tulipe madeni, tupange nyumba ndogo karibu na kanisa, na tubaki na kitu cha kumtunza Mama. Hapo ndipo swali lako lilipoanza kuwa swali langu.

Ajenti wa kwanza aliyekuja alitembea ndani kwa dakika kumi akiguna. Akatoa ushauri: dari la jipsamu sebuleni, vigae vipya, makabati ya kisasa jikoni, kabro kutoka getini mpaka mlangoni, rangi ndani na nje. Alikadiria shilingi 850,000. Alisema nyumba ikiwa hivyo ilivyo tuombe milioni 7.2, na ikirekebishwa tuombe 8.5. Kwa maneno, ni faida ya karibu nusu milioni. Nilikuwa tayari kwenda kuchukua mkopo sacco.

Mke wangu ndiye aliyechukua kalamu. Aliniuliza mambo ambayo nakuuliza wewe pia. Hiyo 850,000 ni kadirio la nani, la fundi ama la ajenti? Maana ujenzi wowote tuliowahi kufanya, pamoja na ule wa kanisa, haujawahi kuisha kwa bei iliyotajwa mwanzo. Riba ya sacco ni asilimia 12 kwa mwaka. Nyumba ikikaa miezi minane bila mnunuzi, nani anailipa? Na huyo mnunuzi wa milioni 8.5 yuko wapi? Nyumba za mtaa wetu zenye ukubwa kama wetu zilikuwa zinauzwa kati ya milioni sita na saba na nusu. Mtu mwenye milioni 8.5 haji mtaa wetu, anaenda pengine kwenye barabara ya lami. Vigae havibadilishi barabara.

Tena kumbuka mnunuzi naye ana mizigo yake. Analipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, analipa wakili wake, analipa mthamini kama anakopa. Akifika kwako amebanwa. Na mara nyingi makabati uliyoweka kwa pesa ya mkopo anayang'oa mwezi wa kwanza kwa sababu mkewe hapendi rangi yake. Nimeona hivyo kwa macho yangu, jirani yetu mmoja alikuta vigae vyake vipya vimetupwa nje ya geti.

Basi tukakubaliana: hakuna jipsamu, hakuna kabro. Tutasafisha, tutatengeneza kinachovuja, tutapaka rangi ya kawaida. Ushauri huo bado nausimamia. Kitu ambacho ungetengeneza hata kama ungebaki kuishi humo, kitengeneze: bomba linalovuja, kitasa kibovu, swichi inayotoa cheche, gata zilizooza. Kile ambacho unakifanya kwa ajili ya macho ya mtu usiyemjua, kipigie hesabu mara tatu.

Lakini kulikuwa na ule ufa.

Fundi wa rangi alipovuta kabati alipiga mluzi. Halafu akacheka. "Pasta, hii ni kazi ya nusu siku. Tunakwangua, tunajaza filla, tunabandika wavu, tunapiga rangi. Hakuna atakayeona." Ajenti naye akaongeza ujuzi wake: tungoje mvua za Novemba, ufa ujifunge wenyewe, ndipo tuzibe, na nyumba iuzwe kabla ya Januari. Angalia hekima ya dunia hii, mpendwa. Hata majira ya mvua tunaweza kuyatumia kudanganya.

Ningependa kukuambia kwamba niliwafukuza wote wawili kwa jina la Yesu. Sikuwafukuza. Sikungoja hata Novemba. Nilimtumia fundi shilingi 12,000 kwa simu, ukuta ukazibwa mwezi wa Agosti, na chumba kikapendeza kuliko siku tuliyohamia.

Jumamosi iliyofuata alikuja mama mmoja kutoka Nairobi, mjane, anatafuta nyumba ya kuishi na wajukuu. Alipenda kila kitu. Alisimama katika kile chumba cha watoto, akagusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Hapa ndipo watalala." Kisha akanigeukia. "Pasta, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni mtumishi wa Mungu. Nyumba hii ina shida yoyote ambayo ningepaswa kujua?"

Nikamjibu, "Kwa neema ya Mungu, iko sawa."

Nimehubiri zaidi ya miaka kumi na tano. Nimefanya makosa mengi ambayo nimetubu. Lakini sijui kama nimewahi kutamka neno neema kwa namna mbaya kama siku ile. Ningesema tu "iko sawa" ingekuwa uongo wa kawaida. Mimi nililichukua jina la Mungu nikalitumia kama filla.

Usiku huo sikulala, lakini usifikiri ilikuwa ni maono. Nilikuwa nahesabu pesa. Yule mama alikuwa amesema atalipa milioni 7 bila kubishana, na pesa zake ziko tayari. Nilikuwa tayari nimezigawa kichwani: deni hili, daktari wa mazoezi ya Mama mara tatu kwa wiki, karo. Asubuhi nilifungua Biblia mahali ambapo mpango wetu wa kusoma ulikuwa umefika, na nilikuwa nimebaki nyuma, niko Mambo ya Walawi. Ni kitabu ambacho wengi wetu tunakiruka, wachungaji wakiwemo. Sura ya 14, kuanzia mstari wa 33.

Kaisome mwenyewe leo. Ni sheria juu ya nyumba yenye pigo ukutani. Bible college tulipita hapo kwa dakika tano, mwalimu akasema ni mambo ya ukungu na usafi, tukafungua ukurasa mwingine. Asubuhi ile niliona kitu kimoja ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Anayekwenda kumwambia kuhani ni mwenye nyumba. Si jirani, si mnunuzi, si kuhani aliyekuja kukagua. Mwenye nyumba anatoka kwa miguu yake, anakwenda kusema kwamba anaona kama kuna kitu nyumbani mwake. Hata hana uhakika. Na anajua yanayoweza kufuata: nyumba itafungwa siku saba, mawe yatatolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zitakwanguliwa, na pigo likirudi baada ya kupakwa upya, nyumba yote itabomolewa. Anajua hayo na bado anakwenda.

Mimi ndiye nilikuwa kuhani na mwenye nyumba kwa pamoja, na sikuwa nimekwenda popote.

Nilimpigia yule mama saa mbili asubuhi. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilimwambia kuna ufa, nilimwambia ni wa tangu lini, nilimwambia msingi ni futi tatu na ni mimi niliyeamua hivyo, na nilimwambia kwamba jana alipouliza nilimdanganya. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha akasema, "Asante, Pasta. Ningetamani ungeniambia jana." Akakata simu. Hakununua. Sikumlaumu, na sikuwahi kuonana naye tena.

Sasa, ndugu yangu, hapa ndipo shuhuda nyingi huruka moja kwa moja mpaka kwenye muujiza. Mimi nilipaswa kwanza kumwambia mke wangu. Alikuwa anapanga nguo za Mama tuzipeleke Mwala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja nguo moja, akaiweka chini. Akasema, "Baba watoto, ni kweli ulipaswa kusema. Lakini ukweli wako una bei, na wanaoilipa ni sisi wote. Ungesema ukweli mwaka wa 2010 ingekuwa bei rahisi." Hakuniambia neno lingine siku hiyo. Kwa wiki mbili alinipa chakula na salamu tu. Alikuwa na haki. Mimi nilimpoteza mnunuzi wa milioni 7 mara mbili katika siku moja, kwanza kwa uongo, halafu kwa ukweli.

Baadaye mke wangu mwenyewe ndiye aliyesema tutafute mhandisi. Si fundi, mhandisi aliyesajiliwa. Tulimlipa 15,000. Alipima, akachimba shimo dogo kando ya msingi, akamwambia fundi akwangue filla yote mpaka ufa uonekane tena. Kisha akachukua penseli akachora mistari midogo ikivuka ufa, na kando ya kila mstari akaandika tarehe na upana. Alisema tuendelee kuandika kila mwezi.

Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili. Nyumba haianguki, alisema. Kuiinua na kuichimbia msingi mpya chini kungegharimu pesa ambazo hazirudi katika bei. Lakini alituonyesha jambo ambalo kwa miaka kumi hatukuliona. Gata ya upande ule ilikuwa imeoza, na maji yote ya paa yalikuwa yanamwagika hapo hapo kwenye kona ya chumba cha watoto. Udongo wa kona ile ulikuwa unashiba maji na kukauka kuliko kona nyingine yoyote. Tukaweka gata mpya, bomba la kupeleka maji mbali, na sakafu ya zege kuzunguka nyumba upana wa futi tatu. Jumla ilikuwa 64,000. Hayo ndiyo marekebisho ya maana kuliko yote tuliyofanya, na hakuna hata mnunuzi mmoja aliyeyasifia, kwa sababu gata haipendezi kwenye picha.

Miaka kumi nilipaka rangi ukutani, na tatizo lilikuwa paani na chini ya ardhi. Ezekieli 13 inasema juu ya watu waliopaka chokaa ukuta dhaifu, na mvua ikaja. Nimeihubiri sura hiyo juu ya manabii wa uongo. Nilikuwa naihubiri nikitoka katika nyumba ile.

Niseme haraka na mambo ya karatasi, maana hapo ndipo wengi mnaharibikiwa mkihangaika na rangi. Jina langu kwenye hati ya umiliki lilikosewa herufi moja, halikulingana na kitambulisho. Ilitugharimu kiapo kwa wakili na wiki kadhaa. Shughulikia hilo kabla hujanunua hata brashi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi, kwa hiyo wewe unayepanga kumshangaza mkeo, acha. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa. Ile ya kupangisha haisamehewi, na hapo risiti za marekebisho zitunze, kwa sababu gharama ya kuiboresha nyumba huhesabiwa. Na kama mali bado iko kwa jina la marehemu, usikarabati kwa pesa yako ukitumaini ndugu watakurudishia kwa upendo. Andikeni kwanza, mkiwa bado mnapendana.

Baada ya hapo walikuja wengi. Kila mmoja nilimwonyesha ufa kabla ya sebule, nikampa nakala ya ripoti. Mfanyabiashara mmoja alizunguka akisema nyumba ni mbovu, nyumba ni mbovu, akatoa milioni 5.5. Mithali 20:14 inamjua mtu huyo, ikamweleza mpaka anavyojisifu akishaondoka. Nilikataa. Kusema ukweli juu ya nyumba yako hakumaanishi kuitoa bure.

Mwezi wa Novemba, mvua za El Niño zikiwa zimemwagika kweli kweli, walikuja kijana na mkewe. Ufa wakati huo ulikuwa umejifunga, haukuonekana isipokuwa ile mistari ya penseli. Kijana aliuliza, "Pasta, hii mistari ni ya nini?" Nikamweleza. Nikamwambia sasa umefungwa, ila Februari utafunguka. Walitazamana. Walirudi wiki iliyofuata na mjomba wa mke, fundi wa siku nyingi, akasoma ripoti, akazunguka nyumba akipiga kuta kwa kidole. Akawaambia kwa Kikamba, bila kujua kwamba nasikia, kwamba hii shida inajulikana, afadhali hii kuliko ile isiyojulikana.

Wakatoa milioni 6.45, nusu yake mkopo wa sacco. Tukakubali. Ukilinganisha na yule mama wa kwanza, ni pungufu ya 550,000. Sijawahi kuiona hiyo 550,000 ikirudi kwa njia nyingine. Hakuna mtu aliyetuma bahasha. Mama alipata mazoezi mara moja kwa wiki badala ya mara tatu, na kuna siku namtazama akijaribu kuinua kikombe kwa mkono wa kulia, na ninaipiga tena hesabu ile. Nakuambia hivyo ili usije ukasema Pasta alituahidi.

Mwezi wa Februari 2025 yule kijana alinitumia picha kwenye simu. Nilipoona jina lake tumbo lilinikaza kidogo. Ni picha ya ukuta wa chumba cha watoto. Ufa umefunguka, si sana, mstari mwembamba. Hawakuweka kabati pale. Mistari ya mhandisi bado ipo, pamoja na mwandiko wangu, na chini ya tarehe zangu wameendelea kuandika za kwao, mwezi kwa mwezi, kwa kalamu nyekundu. Kando, kwa kimo cha chini kidogo, kuna mistari mingine ya kupima urefu wa mtoto.

Mke wangu aliiangalia picha hiyo muda mrefu. Akauliza, "Gata je, zinashika?"

Nikamwandikia kijana. Akajibu zinashika.

Ninyi watatu mlioniuliza, njooni Jumatano kabla ya maombi, saa kumi na moja jioni. Mje na hati zenu, na kila mmoja aje na mwenzi wake. Mama anawasalimu.